Kuitoa kutu bunduki ya kale bila kuiharibu

Bunduki ya marehemu babu yangu ilikaa zaidi ya miaka thelathini ndani ya nyumba yetu ya Mkomani, hapa Lamu, imeviringwa kikoi. Ami yangu ndiye aliyeirithi, na cheti chake anacho. Siku tuliyoifungua, kikoi kilikuwa kimeshikana na chuma. Pale kilipobanduka kiliacha alama za nyuzi zake kwenye kutu, mstari kwa mstari, hata ungeweza kuzihesabu. Ni bunduki ya mitutu miwili, ya kushindilia kwa mbele, na ya fataki, yaani kile kifuniko kidogo kinachopigwa na nyundo kuwasha baruti. Nikanyoosha mkono niishike nyundo yake, ami akanidaka kifundo cha mkono.

"Ngoja kwanda, mwanangu. Usiteze nayo. Wajuaje kuwa haina kitu ndani?"

Tulipima. Mtutu wa kulia ulikuwa mtupu. Wa kushoto ulikuwa umeshindiliwa baruti na marisau, na sisi watoto wa nyumba hiyo tulilala chini yake miaka yote hiyo. Tulisimamisha kazi, polisi wakaitwa, na mtaalamu wao wa silaha ndiye aliyeutoa mzigo ule. Kutu tuliigusa wiki kadhaa baadaye.

Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na mafuta wala kitambaa.

Karatasi kwanza

Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka mwenye bunduki awe na cheti. Usijipe hukumu mwenyewe kwamba uzee wa chombo umekitoa kwenye sheria; swali hilo kawaulize wanaotoa leseni. Ukiikuta bunduki ndani ya kasha la marehemu na karatasi hakuna, usiisafishe na usiihamishe. Usiitie guniani ukaipakia juu ya punda kuipeleka kituoni. Nenda mikono mitupu, useme ilipo, waje wenyewe waichukue. Kaunti yetu imepitia mashambulizi na miezi mingi ya kafyu, na mtu anayepita kichochoroni na kitu kirefu kilichofungwa nguo anajitia hatarini na kuwatia wenziwe.

Mimi nikiitwa kusafisha, naenda kwa mwenye bunduki. Bunduki haiji kwangu. Na mwenyewe hukaa nami tangu mwanzo hadi inaporudi ndani ya sefu.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: kwa Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006, kitu kinachohamishika kilichotengenezwa Kenya au kuletwa kabla ya 1895 ni kitu cha kale kisheria, na hakitoki nje ya nchi bila kibali. Kwa hiyo mgeni akikusimamisha gatini akakutajia bei ya bunduki ya babu yako, mwambie haiendi popote.

Ina kitu ndani?

Ichukulie ina kitu mpaka uhakikishe haina. Elekeza mdomo wake mahali ambapo hapana mtu, hapana ukuta wa jirani, hapana ngazi ya kushukia watoto. Kidole kisikaribie kifyatulio.

Ile ya kuvunja katikati, inayotiwa risasi kwa nyuma, ni rahisi. Ifungue, mulika kwa tochi, kisha tia kidole ndani ya kila chemba, kwa sababu jicho hudanganyika kwenye giza na kutu. Ikiwa imeganda haifunguki, usiipige nyundo. Ihesabu kuwa ina risasi na uiache mpaka aje anayejua.

Ile ya kushindilia, yaani gobori, iwe ya gumegume, yaani ya jiwe linalotoa cheche, au ya fataki, haina mahali pa kuchungulia. Angalia kwanza chuchu, pale fataki inapokaa. Ukiona kifuniko kidogo cha shaba bado kipo juu yake, usikiguse. Kazi yako imeishia hapo. Kama hakipo, chukua ufito wa mbao ulionyooka, simama ubavuni mwa bunduki, uingize polepole bila kusukuma kwa nguvu hadi usimame wenyewe. Usitumie mdeki wa chuma, ule ufito wa kushindilia, wala kipande cha nondo, maana chuma juu ya chuma hutoa cheche. Tia alama ya kalamu kwenye ufito pale mdomoni, utoe, uulaze nje ya mtutu ukianzia kwenye alama ile. Ncha inapaswa kufika karibu kabisa na chuchu, au tundu la moto kwa ile ya gumegume. Ikiishia vidole viwili vitatu kabla, mtutu una kitu.

Kitu hicho huenda kikawa kiota cha nyigu. Niliwahi kuitwa Malindi kwa bunduki ambayo mwenyewe alikuwa hajalala usiku mzima kwa hofu, na kilichotolewa mwishoni kilikuwa donge la udongo wa nyigu gumu kama kigae. Lakini hukutakiwa wewe kukisia. Baruti nyeusi iliyokaa kavu hubaki hai hata baada ya miaka mia moja. Usiitie maji ukadhani umeiua, usitie keekee, usichome moto, usipulize kwa mdomo. Funga chumba, ita polisi.

Isome kutu kabla ya kuigusa

Kutu za bunduki ya kale si za namna moja, na hapa ndipo vitu vingi vya thamani huharibiwa na watu wenye nia njema. Chukua kitambaa cheupe kikavu, pitisha juu ya mtutu mara moja.

Kikitoka na unga mwekundu, hiyo ni kutu hai inayoendelea kula chuma, nayo ndiyo unayoitafuta. Kikitoka kisafi na chuma kinaonekana cha hudhurungi au cheusi, laini chini ya kidole, usikiguse. Mafundi wa zamani wa Ulaya waliitia mitutu kutu kwa makusudi, wakaisugua, wakaitia tena, siku baada ya siku, hadi ikapata rangi ile. Rangi hiyo ni kutu iliyotulia. Ni koti la bunduki, na ukilivua halirudi.

Aina ya tatu ni ya kwetu sisi wa pwani. Utaona vijidonge vya rangi ya chungwa, na siku za unyevu vinatoa tone kama jasho. Hiyo ni chumvi ya bahari iliyoingia ndani ya chuma, na hakuna mafuta yatakayoituliza kwa muda mrefu. Bunduki ya namna hiyo ipeleke kwenye macho ya wahifadhi. Makumbusho ya Taifa yapo hapa hapa Lamu, na kuuliza ushauri si aibu.

Ukishajua hayo utaelewa kwa nini napiga marufuku ndimu, ukwaju, siki na dawa zote za kuondoa kutu zenye asidi. Najua sinia la shaba la harusi linang'aa kwa ukwaju. Asidi lakini haichagui kutu mbaya na kutu nzuri. Nikiwa kijana nilipaka ndimu kwenye kinga ya kifyatulio ya bunduki moja ya jamaa zetu, nikaenda kuswali alasiri, niliporudi palikuwa na baka la kijivu lenye ukubwa wa shilingi. Mwenyewe hakusema neno. Baka lipo hadi leo, na kila ninapoitwa kuitazama bunduki ile nalikuta.

Vya kuandaa

Mafuta mepesi ya cherehani. Mafuta ya taa kidogo. Vitambaa vya pamba vilivyofuliwa, kikoi kikuukuu ni kizuri sana. Mswaki laini, vijiti vya mwanzi vilivyochongwa ncha, glavu za mpira na barakoa. Pamba ya chuma ile laini kuliko zote, yenye namba 0000. Ile ya kusugulia sufuria iache jikoni, na sandpepa usiilete hata mlangoni.

Kisha, kifaa ninachokipenda kuliko vyote: kipande cha mrija wa shaba nyekundu, urefu wa kidole, kutoka kwa fundi wa friji. Uponde upande mmoja uwe bapa kama patasi ndogo, halafu laini kingo zake kwa tupa.

Maji yakihitajika, yasiwe ya kisima chenye chumvi. Tumia maji ya mvua, au yale safi ya kuongezea betri za gari. Soma chupa vizuri dukani, maana kando ya chupa ya maji hukaa chupa ya asidi ya betri, na zinafanana.

Mafuta ya nazi, simsim, samli, na hasa sifa, yale mafuta ya samaki wanayopaka majahazi, hayafai. Sifa ni dawa ya mbao za chombo baharini. Kwenye bunduki, mafuta ya mnyama na mmea huchacha au kugeuka gundi baada ya miezi, yanashika vumbi, na chini ya gundi hiyo kutu inaendelea na kazi yake bila kuonekana.

Kazi ya nje ya mtutu

Fanya kazi barazani au uani, penye hewa, mbali na jiko. Mafuta ya taa yanashika moto na mvuke wake unaumiza kichwa. Vaa glavu, kwa ajili yako na kwa ajili ya bunduki: jasho la mkono ni chumvi, na alama ya kidole inaweza kuchipua kutu kwa siku chache tu kwenye hewa ya hapa.

Ondoa kwanza uchafu. Kitambaa chenye unyevu wa mafuta ya taa, si cha kuchuruzika, kitayeyusha mafuta ya zamani yaliyoganda. Fanya sehemu ndogo, ukaushe kwa kitambaa kingine, usogee. Usikwangue kavu kamwe. Vumbi la bunduki ya kale lina risasi, ile metali yenyewe, na fataki za zamani zilitengenezwa kwa zebaki. Kila kitu kibaki kimelowa, na unawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chai.

Sasa paka mafuta ya cherehani juu ya kutu nyekundu na uiache hadi kesho. Hapa watu hukosa subira. Mafuta yanahitaji muda wa kupenya chini ya gamba, na kesho yake kazi ya saa tatu inakuwa ya nusu saa.

Shika kipande chako cha shaba karibu kilale juu ya mtutu, usikisimamishe. Kisukume kwa vidole, kifupi kifupi, juu ya kutu iliyolowa. Shaba nyekundu ni laini kuliko chuma cha mtutu lakini inatosha kulibandua gamba la kutu, kwa hiyo inang'oa mgeni bila kumjeruhi mwenyeji. Utasikia tofauti kabla ya kuiona: juu ya kutu inakwaruza kama mchanga, na kutu ikiisha inateleza kimya. Tope jekundu likikusanyika, futa, ongeza mafuta, endelea. Ukiona mstari mwekundu mwekundu wa shaba umebaki juu ya chuma, ni alama tu, utafutika.

Kwenye bunduki ya babu nilikuwa nafanya hivyo upande wa chini wa mtutu, mahali pa ukubwa wa stempu, nikaona duara refu linajitokeza chini ya tope, halafu herufi: E, kisha L, kisha G. Huo ni muhuri wa majaribio, unaopigwa mtutu ukishajaribiwa, wa Liège, Ubelgiji, mji ambao ulitengeneza bunduki kwa ajili ya nusu ya dunia. Ami alikaa kitako akaitazama kwa muda. Sisi tulikulia tukiambiwa ni bunduki ya Mwingereza. Bunduki za kigeni zilipita pwani hii kwa wingi, hata mkataba wa 1833 baina ya Sayyid Said na Marekani ulizitaja pamoja na baruti. Na mihuri hii midogo ndiyo inayokwambia yako ilitoka wapi. Sandpepa ingeufuta kwa mikwaruzo kumi.

Pamba ya chuma ya 0000 ije mwisho, imelowa mafuta, pale tu ambapo rangi ya zamani imeshatoweka zamani. Usiipitishe juu ya nakshi wala juu ya koti la hudhurungi. Mashimo madogo yaliyoliwa na kutu yatabaki meusi ndani. Yaache. Kuyafukuza ni kupunguza unene wa mtutu mzima ili ulingane na shimo.

Unatakiwa kuacha lini? Kitambaa cheupe kikitoka bila wekundu, umemaliza. Hata kama chuma haking'ai. Hakikutakiwa king'ae.

Ndani ya mtutu

Masizi ya baruti nyeusi yana chumvi zinazovuta unyevu, na mafuta hayaziyeyushi. Ni maji yanayoziondoa. Ndiyo maana mtutu uliopakwa mafuta kwa miaka unaweza kuwa umeliwa kwa ndani. Funga kitambaa kwenye ufito wa mbao au wa shaba, kilowe maji ya moto na tone la sabuni, pitisha, tupa, chukua kingine. Kikitoka kisafi, pitisha vikavu hadi kusiwe na unyevu wowote, kisha mafuta papo hapo. Ukichelewa hata dakika chache, kutu mpya itakuwahi.

Mitutu miwili usiizamishe ndani ya beseni. Imeunganishwa kwa risasi ya kulehemu, na katikati yake kuna uwazi mwembamba. Maji yakiingia humo hayatoki, yanakula kimyakimya. Kwa sababu hiyohiyo usiitie moto wala magadi makali: joto linayeyusha lehemu, na magadi yanaila.

Ukinunua brashi ya shaba ya kupitisha ndani, utaulizwa namba. Namba 12 maana yake ni kwamba mpira wa risasi unaoenea mtutu huo ungetoka kumi na mbili kwa ratili moja. Upana wake ni kama milimita 18.5. Namba 16 ni mwembamba zaidi, kama milimita 16.8. Gobori za zamani hazifuati namba hizi vizuri, kwa hiyo pima.

Ukiona mtutu una mawimbi ya rangi mbili kama mtiririko wa maji, huo umefumwa kwa kusokota vipande vya chuma na feleji, yaani chuma cha pua, pamoja. Ni mzuri mno, na hauwezi kuaminiwa kupigwa. Mimi siipigi bunduki yoyote ninayoisafisha, wala sishauri mtu apige. Kutu inakaa kwenye viungo ambavyo jicho halifiki.

Mtambo, kitako, madoido

Mtambo wa ndani, ule wenye springi, usiufungue kama hujafundishwa. Skrubu za kale zilikatwa kwa mkono na bisibisi ya dukani inazirarua vichwa. Piga mswaki nje, tia tone moja la mafuta kwenye kila kiungo, basi. Usiiachie nyundo ipige chuchu tupu kwa kuchezea.

Kitako cha mbao kifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu, kikaushwe, na michoro ya mshikio ipigwe mswaki. Usikipige randa wala vanishi. Mbao zikiwa kavu sana, matone machache ya mafuta ya kitani wanayotumia maseremala, yakisuguliwa kwa kiganja hadi yapate joto, yanatosha. Lakini sikiliza hili: kitambaa chenye mafuta ya kitani kikikunjwa na kutupwa pembeni kinaweza kujiwasha chenyewe. Kitandaze nje kikauke, au kizamishe ndani ya kopo la maji.

Vipande vya shaba na fedha vifutwe kwa kitambaa laini kikavu. Dawa za kung'arishia shaba zinaacha unga mweupe ndani ya nakshi, na weusi ule wa ndani ya mchoro ndio unaoufanya usomeke.

Isirudi tena

Weka chuma juani dakika chache, unyevu uishe. Kisha paka nta nyembamba, ile wanayotumia makumbusho. Renaissance Wax ndiyo ninayoijua, nayo ilianzia British Museum. Iache ikauke kidogo, sugua kwa kitambaa. Usipoipata, ukungu mwembamba wa mafuta ya cherehani unafaa, ila yatahitaji kurudiwa.

Usiirudishe ndani ya kikoi, wala ala ya ngozi, wala sponji. Vyote vinanyonya unyevu na chumvi na kuvikalisha juu ya chuma. Usiiegemeze kwenye ukuta wa matumbawe na chokaa pia. Kuta zetu zinapumua, na ubavu ulioelekea ukuta huota kutu kwanza. Ndani ya sefu tia vile vijipakiti vya silika vinavyokuja na viatu vipya, vingi, na uvibadilishe.

Kila mwezi, na mara mbili kwa mwezi upepo wa kusi unapoanza kuleta mvua, ifungue sefu, vaa glavu, hakikisha tena kwamba mtutu ni mtupu, pitisha kitambaa cheupe. Ami anaandika kwenye daftari tarehe na rangi iliyotoka. Ikiwa nyekundu mahali pamoja, tia mafuta hapo tu, uiache hadi kesho, uchukue kipande chako cha shaba.